Ijumaa katika Chumba cha Mashuka

Kituo chetu cha afya kiko juu ya mwinuko wa mawe, kando ya barabara ya vumbi inayokwenda Kiomboi, na upepo wa pale hauna adabu. Unapeperusha kanga za wajawazito, unabamiza milango, unaingiza mchanga mpaka kwenye ndoo ya kunawia mikono. Nimefanya kazi pale miaka kumi na moja. Mimi ni muuguzi mkunga, na kama zamani ungeniuliza ni nani asiyejali afya yake katika eneo lile, ningekuonyesha wakulima na wafugaji bila kusita. Nilikuwa nawasema sana. Mtu akija amechelewa na mguu umeoza, nilimgombeza kwanza ndipo nikamfunga kidonda. Leo nikikumbuka maneno niliyowatolea wale watu, naona aibu.

Ninayetaka kumwandika hapa ni mkuu wa wodi yetu ya wazazi. Jina lake silitaji, na hata pale kituoni hatukulitumia. Wauguzi tulimwita Mama, wagonjwa walimwita Mama, mganga mfawidhi ambaye alikuwa bosi wake naye alimwita Mama. Nilipofika nikiwa nimetoka chuo, sina nyumba wala godoro, alinichukua nyumbani kwake nikakaa miezi minne. Yeye alikuwa Mnyiramba wa pale pale, ameolewa kijiji cha pili, mumewe analima alizeti na mtama. Mimi nimezaliwa Unyambwa, nyuma ya mji wa Singida, basi alinitania kila siku kwamba mtu wa mjini hawezi kusonga ugali wa mtama bila kulia. Nililia kweli, moshi wa jikoni kwake ulikuwa mkali. Mtoto wangu wa kwanza alinizalisha yeye, siku ambayo hata hakuwa zamu. Alikuja na kanga yake ya kanisani, akanishika mkono kwa saa tisa nzima.

Nayasema haya ili ijulikane kwamba sikuwa mfanyakazi mwenzake tu. Nilikuwa mtoto wake. Na kwetu mtoto hamkalishi mama yake chini akamwambia la kufanya.

Sasa nieleze tulivyokuwa tunaishi pale kazini, maana bila hilo utaona tulikuwa wajinga tu. Zamu ya asubuhi inaanza saa moja na nusu inaisha saa tisa na nusu, kama mwenzako akifika kwa wakati, na mara nyingi hafiki. Choo cha watumishi kipo nyuma ya maabara. Bomba lake lilikauka kabla mimi sijafika pale, na maji ya kisima yanayoletwa kwa mkokoteni yana chumvi na hayatoshi hata kuogeshea wazazi. Kilichobaki ni choo cha wagonjwa, kule chini karibu na mti wa mkungu, ambako lazima upite mbele ya benchi za kliniki huku ndugu wa wagonjwa wamekukodolea macho. Ukiingia kule umevaa gauni jeupe, ukitoka unakuta mtu anakusubiri akuulize majibu ya mkewe. Basi tulijifunza kutokunywa maji. Hakuna aliyetufundisha. Unafika ukiwa mgeni, unawaona wenzako hawanywi, wiki ya pili na wewe hunywi. Chai moja saa nne, kikombe kidogo, basi mpaka nyumbani. Tulikuwa tunataniana: ukinywa hayo maji, utayapeleka wapi?

Kulikuwa pia na dawa ya kusimama. Hilo ni jina letu sisi, huwezi kulikuta kwenye kopo. Ni diklofenaki, kidonge cha maumivu, kile tunachowaonya wagonjwa wasikimeze ovyo kwa sababu kinaharibu figo. Sakafu ya wodi ni saruji. Ukisimama juu yake wauguzi wawili kwa wazazi kumi na wanne, jioni mgongo na magoti havikubaliani na wewe. Kila mmoja wetu alikuwa na vidonge mfukoni, pamoja na mkasi na kalamu na plasta. Mtu akianza kuchechemea, mwenzake anampa kimoja bila hata kuombwa, kama vile unavyompa mtu pipi. Tulijiona watu wema kwa kufanya hivyo.

Na kila asubuhi, kabla ya kliniki kuanza, mmoja wetu alisimama mbele ya akina mama waliokaa kwenye benchi akatoa elimu ya afya. Kunywa maji ya kutosha. Usimeze dawa bila kuandikiwa. Pima presha yako, hata kama huumwi. Mama ndiye aliyekuwa bingwa wa hayo mafunzo. Alianza kwa Kiswahili, akiona macho yamelegea anahamia Kinyiramba, na hapo benchi zima linacheka, na katikati ya kicheko anawapiga na lile neno alilotaka walisikie. Sijapata kuona mtu anayefundisha vizuri kama yeye. Koo lilimkauka akitoa lile somo la maji, akamaliza akaingia wodini bila kunywa hata tone.

Siku ya kwanza kumpima ilikuwa Ijumaa. Tulikuwa tumetoka kumwokoa mzazi aliyekuwa anatokwa na damu, tumeshinda, mzazi mzima na mtoto mzima, na mimi nilikuwa na furaha ya kutaka kuimba. Nikamkuta Mama katika chumba cha mashuka, ameegemea rafu, amefumba macho. Akasema kichwa kinampasuka.

"Hebu lete mashine ya presha," akaniambia. "Haraka, kabla mtu hajaingia."

Nikampima amesimama, mkono juu ya lundo la mashuka. Mia moja na tisini kwa mia moja na kumi. Sikuamini, nikarudia, ikaja vile vile. Sikuwa na karatasi, basi niliandika kiganjani kwa kalamu, kama tunavyofanya wauguzi wote pale mtu anapokuita ghafla. Mama akanishika mkono, akasoma, akauangalia kidogo. Kisha akacheka.

"Ni huyu mzazi wetu amenipandisha," akasema. "Nenda kanawe, mwanangu."

Nikaenda nikanawa.

Akachukua vidonge vya presha kutoka kwenye kopo la wodi, akameza viwili, akafunga kopo, tukarudi kazini. Jioni aliniambia kichwa kimetulia na nisimwambie mtu. Tangu siku ile ikawa desturi yetu. Kila Ijumaa, tukishagawa dawa za saa sita, tulikwenda chumba cha mashuka nikampima. Nikaandika kiganjani, akasoma, nikanawa. Vidonge alimeza akiumwa kichwa, kisipouma hakumeza. Yeye aliyewafundisha watu wa kata nzima kwamba dawa ya presha humezwa kila siku, unaumwa au huumwi!

Labda utauliza kwa nini hakufungua faili. Bima ya afya tulikuwa nayo, kadi yake ilikaa kabatini kama picha ya harusi. Lakini kufungua faili maana yake ni kwenda mapokezi, na karani wa mapokezi alikuwa jirani yake, shamba kwa shamba. Akishaandika neno presha mbele ya jina lako, kufika jioni mashine ya kusaga nzima inajua. Na sisi pale ilikuwa ni kama sheria isiyoandikwa: muuguzi haugui. Nesi akionekana kwenye foleni na daftari mkononi, wagonjwa wanageuka kumtazama, wananong'onezana kama huyu mwenyewe anaumwa atatuponyaje. Wote tulitibiana hivyo hivyo, mlango wa nyuma, kwa kuelewana. Nilipokuwa na malaria nilichomwa sindano stoo. Mwenzetu mmoja alipata kisukari tukakigundua kwa kipimo cha wajawazito, na alikitibu kwa kuuliza uliza.

Nilijaribu mara moja. Nilijipa moyo siku nzima, nikamwendea baada ya kazi, nikamwamkia upya kana kwamba nimemwona kwa mara ya kwanza.

"Mama, naomba tufungue faili. Kesho nitakusindikiza mwenyewe. Ijumaa tatu mfululizo haishuki."

Alikuwa anakunja vazi lake la kazi kuliweka kwenye mfuko.

"Wewe unataka nikae benchi moja na baba mkwe?"

Baba mkwe wake alikuwa hai wakati ule, mzee wa miaka karibu tisini, na kila mwezi alikuja kuchukua dawa. Mwanamke wa kule hakai na baba mkwe benchi moja, achilia mbali kusubiri kuitwa naye chumba kimoja aulizwe anakojoa mara ngapi.

"Basi twende mjini, Mama. Singida hawakujui."

"Mjini nitakwenda siku gani, na nani abaki wodini? Wewe? Na yule nesi mtoto uliyeletewa wiki iliyopita, hajui hata kumsikiliza mtoto tumboni?" Sauti ilianza kupanda, kisha ikashuka. "Mwanangu, nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nikistaafu nitaugua vizuri, kwa nafasi. Sasa hivi niache."

Nikasema sawa, Mama. Nikasema pia samahani. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika, lakini nilijikasirikia kwa kumvunjia heshima, si kwa kunyamaza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilijiona mkosaji kwa jambo moja sahihi nililofanya.

Ijumaa zikaendelea. Kuna zilizokuwa afadhali, nyingi hazikuwa. Mwaka wa pili miguu yake ikaanza kuvimba. Aliacha viatu vyeupe akawa anavaa kandambili wodini, akisema ni za kuzuia kuteleza. Siku moja alikaa kuandika ripoti, nikainama kana kwamba naokota kalamu, nikambonyeza kwenye kifundo. Shimo la kidole changu likabaki pale. Lilibaki muda mrefu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua maana yake: figo zimeanza kushindwa kutoa maji.

"Ni kusimama huku," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari.

"Ndiyo, Mama."

"Una dawa ya kusimama hapo? Zangu zimeisha."

Nilikuwa nazo. Nikampa. Sikumpa siku hiyo tu. Nilimpa miezi mingi, vya kwangu, vya mfukoni mwangu, kwa sababu alikuwa anaumwa na mimi nilimpenda. Nimekaa nikijiuliza kama mkono wangu ulisita hata kidogo. Haukusita.

Alianguka asubuhi, mbele ya benchi za kliniki, akitoa elimu ya afya. Mimi nilikuwa dirishani nikipanga vipimo na nilimsikia akianza kuchanganya maneno. Kwanza wale akina mama walicheka, maana walimzoea kwa vichekesho. Alisema jambo kuhusu mboga za majani, akalisema tena, akalisema tena. Kisha akashika ukuta akakaa chini taratibu, akatapika. Mjamzito mmoja alivua kanga yake akamfunika miguu, kwa sababu ile miguu haikustahili kuonwa na watu wote wale. Nilipomfikia pumzi yake ilinuka mkojo. Nikajua ni figo, kabla ya kipimo chochote.

Tulimpakia kwenye gari la wagonjwa nikakaa naye nyuma mpaka hospitali tuliyopelekwa. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, mpole, amechoka. Akafungua karatasi mpya.

"Presha ilianza lini?"

"Ni karibu miaka miwili sasa."

"Anatumia dawa gani?"

Nikataja.

"Kila siku?"

"Akiumwa kichwa."

"Dawa za maumivu je?"

Nikataja na hizo. Kalamu yake ikasimama.

"Nani alikuwa anamfuatilia?"

"Mimi."

"Naomba kadi yake, nione namba zilivyokuwa zinakwenda."

Nikamwambia hakuna kadi. Akaniuliza nilikuwa naandika wapi. Niliviangalia viganja vyangu kama mtu mwenye wazimu, nikasema sikuandika. Hakunigombeza. Mimi nilizoea kuwagombeza watu kwa makosa madogo kuliko hayo, na yule kijana aliandika mstari mmoja tu, akageukia mgonjwa. Nilitamani anitukane. Majibu ya damu yalipokuja aliniita akaniambia figo zote mbili zimefeli, apelekwe Dodoma akasafishwe damu.

Nilikwenda kumwona Dodoma mara moja, katika wiki yake ya tatu. Mumewe alikuwa ametoka kutafuta chakula, basi tulikuwa wawili tu na ile mipira ya kusafishia damu iliyomtoka shingoni. Alikuwa amepungua mpaka kanga ilimzunguka mara mbili. Alinitambua. Aliniuliza Jumatano nani anaingia zamu ya jioni, na kama yule nesi mtoto aliyeletwa mwezi alioanguka amejua kusikiliza mapigo. Nikamwambia amejua. Nilidanganya, lakini alifurahi.

Kisha akaanza kuomba maji.

Mgonjwa wa figo aliyefikia pale anapimiwa maji. Kikombe kidogo asubuhi, kikombe kidogo jioni, kwa sababu mwili hauwezi tena kuyatoa. Chupa yake ilikuwa juu ya kabati, imewekwa alama na wauguzi wa pale, na kiasi cha mchana kilikuwa kimekwisha.

"Nipe maji, mwanangu."

"Mama, muda bado."

"Kidogo tu. Hata kwenye kifuniko."

Mwanamke huyu alikuwa ameishi miaka thelathini karibu na ndoo asinywe, kwa kukosa pa kujisitiri, na sasa alikuwa ananisihi kwa kifuniko cha chupa. Midomo ilikuwa imepasuka. Nilichovya pamba majini, nikamlowesha midomo, akainyonya ile pamba kwa nguvu nikashindwa kuivuta. Alinishika mkono. Aliniita kwa jina langu la nyumbani, ambalo hakuwahi kuliita kazini. Na mimi nikakataa. Siku hiyo nilifuata kanuni kama zilivyoandikwa. Alifariki siku nne baadaye, na sitaki mtu aniambie kwamba kifuniko kile kingemdhuru, maana nalijua hilo. Nalijua na bado natamani ningempa.

Tulimzika nyumbani. Watu walijaa mpaka kwenye mashamba ya jirani. Nusu ya wale waliokuja, mikono yake ndiyo ya kwanza kuwashika duniani. Mchungaji alisema amejitoa kwa ajili ya wengine mpaka mwisho, na watu wakaitikia, na sisi wauguzi tuliosimama mstari mmoja tukatazama chini. Tulijua alivyojitoa.

Wiki mbili baadaye nilifungua mlango wa chumba cha mashuka nikawakuta wenzangu wawili, mmoja amekunja mkono wa gauni, mwingine ameshika mashine ya presha. Nilipiga kelele zilizosikika mpaka maabara. Niliwatukana. Wakanitazama kwa huruma, wakasema dada pumzika, msiba umekuchosha. Mwezi uliofuata nilikwenda mapokezi nikafungua faili langu, na yule karani akaniuliza kwa sauti ninaumwa nini. Nikamjibu kwa sauti ile ile. Benchi zima likageuka. Sijui kama nilifanya hivyo kwa ushujaa au kwa hasira, lakini nililia nikiwa kwenye foleni na watu wakadhani nimeambiwa jambo baya. Baadaye tuliletewa semina ya siku moja, wakatufundisha mtindo bora wa maisha kwa watumishi wa afya, na mabango mazuri ya matunda. Walisisitiza tunywe maji. Nilinyoosha mkono nikauliza choo kitatengenezwa lini. Mwezeshaji alisema swali hilo ni la ngazi nyingine.

Kilichobaki ni kwa mumewe. Nilijipa siku nyingi, mwisho nikaona nikiendelea kuahirisha sitakwenda kamwe. Nikanunua sukari na majani ya chai, nikaenda alasiri moja wakati wa mavuno. Nilimkuta uani anapiga alizeti kwa fimbo juu ya turubai, mzee mrefu, amevaa koti lile lile la msibani. Nilipomwamkia aliacha kazi, akaitikia vizuri, akaniletea kigoda yeye mwenyewe.

"Umefanya vema kuja, mwanangu," alisema. "Mimi nilikuwa nataka kuja huko kwenu, lakini alizeti hii haisubiri. Nina neno langu."

Nikamwambia na mimi nina neno, ila aanze yeye. Akapangusa mikono.

"Mwaka jana niliiona miguu ya mama yenu. Nikamwambia hii si miguu ya kusimama, twende Dodoma, mdogo wangu yupo kule, chumba kipo. Nilikuwa nimeshampigia na simu. Mama yenu akanikatalia. Akaniambia, mimi nina mtoto pale kazini ananipima kila Ijumaa, na yule mtoto hawezi kunificha. Ingekuwa mbaya angeniambia. Basi nikatulia." Akakung'uta maganda kwenye koti. "Ule muda wote sikulala na hofu, kwa ajili yako. Ndiyo nasema asante. Ugonjwa ulimjia ghafla tu, lakini wewe ulimwangalia."

Nilikuwa nimekwenda nikiamini kosa langu ni kwamba sikusaidia. Sikujua kwamba kule nyumbani mpimo wangu wa Ijumaa ndio uliomfungia njia. Mwanamume huyu asiye na cheti alikuwa ameona miguu akaelewa, akapiga simu, akatafuta chumba, na kilichomzuia ni mimi.

Ningeweza kuipokea ile asante. Ilikuwa imetolewa kwa moyo, na pale palikuwa na sisi wawili tu.

"Baba," nikasema, "haikumjia ghafla. Zile namba zilikuwa mbaya. Tangu ya kwanza."

Alikuwa ameokota kichwa cha alizeti, akawa anakichambua kwa kidole gumba.

"Yeye alizijua?"

"Alizijua. Nilikuwa namwonyesha."

"Na wewe ulizijua."

"Nilizijua, Baba. Nilimwambia mara moja, akakataa, nikaogopa kumsumbua tena."

"Na hapa kwangu palikuwa mbali?"

Ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Nilikuwa nimeishi katika nyumba ile. Nikabaki nalia nimeinamia magoti yangu. Yeye hakulia na hakupaza sauti. Alimaliza kukichambua kile kichwa cha alizeti mpaka punje ya mwisho, kisha akamwita mke wa mwanawe aliyekuwa jikoni, akamwambia alete chakula, mgeni asiondoke na njaa.

Nikaletewa ugali wa mtama na mlenda. Nikala peke yangu, naye amenipa mgongo akipiga alizeti, na nilikula mpaka sahani ikabaki tupu kwa sababu kubakiza kungekuwa kumkosea tena. Nilipomaliza nikanawa, nikasimama nyuma yake, nikaaga.

Aliweka fimbo chini, akageuka. Alinipa mkono, kama anavyompa kila mtu.

"Haya, nesi," alisema. "Ufike salama."